Uzi wa Ndimu

Baba aliponionyesha goti, kovu lilikuwa wazi.
Kovu la kabla sijazaliwa,
alipoanguka na cherehani ngazini, Kibokoni,
chuma kikala nyama hadi mfupa ukachungulia.
Lilikaa kimya miaka arubaini na mbili,
jeupe, laini, kama tumbo la mjusi kafiri.
Sasa linatoa maji. Linatoa damu.
"Sikujigonga," akasema. "Limejifungua tu,
kama mlango wa nyumba isiyo na mtu."

Na fizi zake, zambarau, zimevimba.
Mswaki ulitoka kinywani mwekundu
kama wa mtafuna tambuu.
Bi Mwanamkasi wa ghorofa ya juu alisema ni husuda.
Sudi wa duka la dawa alisema sukari.
Mimi, usiku, peke yangu, nilisema saratani,
nikaimeza kauli hiyo pamoja na wali,
nisimwambie mtu.

Daktari Nekesa hakuanza na kidonda.
"Mzee, jana ulikula nini?"
"Chai na boflo."
"Na juzi?"
"Boflo na chai."
"Na kabla ya juzi?"
Baba akaitazama feni inavyozunguka.
"Tangu arubaini ya mama watoto
sijawasha jiko ila la chai."

Akaandika neno moja: kiseyeye.
Nilidhani neno hilo lilizama na mabaharia wa kale,
kumbe linaishi ghorofa ya kwanza, Kibokoni,
mwendo wa sigara moja kutoka Marikiti
ambako ndimu zimepangwa mafungu mafungu
na muuzaji anakuongezea moja ya bure.

"Wewe ni fundi wa kanzu," daktari akamwambia,
"basi nikueleze kifundi.
Mwili haushonwi mara moja ukaisha.
Kila siku unafumuka, kila siku unashonwa:
ngozi, fizi, mishipa, hata hilo kovu
ulilodhani lilipigwa fundo zamani.
Na uzi wake haukazi bila vitamini C.
Sindano itaingia, itatoka,
haitaacha kitu."

Baba akauliza kama mwili hauwezi kujitengenezea.
"Mbuzi anaweza," akajibu.
Yule wa Majengo, mla maboksi na mabango ya uchaguzi,
hajui kiseyeye.
Paka wa Marikiti anaweza.
Sisi hatuwezi. Sisi tumeumbwa wa kupewa.
Na ukipewa nyingi leo, huwezi kuwekeza ya mwezi ujao:
inayozidi inakwenda na mkojo.
Hapo Baba akacheka, mara ya kwanza tangu msiba,
meno yakalegea, akaufumba mdomo.

Mama hakulijua neno vitamini.
Alijua kachumbari haipashwi moto.
Alijua chungu huteremshwa kwanza,
ndipo ndimu ikamuliwe.
Baba akisukuma sahani: "Mimi si sungura,"
yeye alikamulia gizani, jikoni,
juu ya samaki, juu ya mihogo, ndani ya mchuzi wa kunde,
kisha akaficha maganda chini ya majivu.
Fundi mzima, kanzu za maharusi mji mzima,
na hakujua kwamba naye anashonwa
kila mchana, saa saba,
na mkono uliokuwa ukinukia kitunguu.

Vidonge alipewa, akavimeza.
Wiki ya pili fizi zikarudi rangi yake,
goti likaanza kufumba, taratibu, kutoka pembeni.
Sikumwambia niliyoyajua kuhusu majivu.

Ijumaa nilimkuta jikoni, mlango wazi,
kisu kidogo cha Mama mkononi,
ndimu imekatwa vibaya, vipande havilingani.
Alikamua kwa vidole.
Maji yakaingia kwenye matundu ya sindano,
yakamchoma, akaruka.

"Ah," akasema, akilamba kidole,
"kumbe bado ananigombeza."

Nikachukua mchicha nikauosha.
Sikumtazama machoni, wala yeye hakunitazama.
Chungu kilipoiva nikakiteremsha,
nikampisha.